Mnauliza, najibu: Tricia Cotham kahama chama, kiti kabaki nacho

Huyu Cotham ni nani hasa?
Alikuwa mwalimu huko Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, akaingia bunge la jimbo 2007. 2016 akautaka ubunge wa Congress, bunge la taifa, akapigwa kwenye kura za mchujo ndani ya chama chake cha Democrat, akakaa nje miaka kadhaa. 2022 akarudi kwa tiketi ya Democrat na watu wakampa kura za kutosha, halafu Aprili 2023, hata miezi mitatu haijaisha toka aapishwe, huyoo Republican, chama pinzani.

Mtu mmoja anabadilisha nini jamani?
Pale alibadilisha kila kitu. Bunge lile lina watu 120, gavana wakati huo Roy Cooper ni Democrat, na akikataa sheria inatakiwa kura 72 kumpiku kama wote wapo. Republican walikuwa 71! Mei 2023 Cooper akaikataa sheria ya kubana utoaji mimba baada ya wiki 12, wakaipitisha kwa 72 dhidi ya 48, na Cotham yumo kwenye hao 72. Huyuhuyu ambaye 2015 alisimama bungeni akasimulia mimba aliyoipoteza yeye mwenyewe na matibabu yake, akipinga wanawake kulazimishwa kusubiri saa 72 kabla ya kutoa mimba. Hapo ndo mimi naumia.

Alitoa sababu?
Alisema wenzake walikuwa wanamwonea, hadi emoji ya bendera na ya mikono ya kuomba wakamsema. Sawa, kuonewa kunauma na chama sio ndoa. Ila kura zile aliombea kwa jina la Democrat.

Mbona hakupoteza kiti kama huku kwetu?
Kule sheria haimlazimishi, na wananchi hawawezi kumwita mjumbe wa jimbo nyumbani kabla ya uchaguzi. Kwetu Tanzania ni ibara ya 71 ya katiba, Kenya ya 103, ukihama kiti kinaondoka. Mtulia, mbunge wa Kinondoni, alipotoka CUF kwenda CCM 2017 ilibidi uchaguzi urudiwe Februari 2018, akagombea tena akashinda. Hela inatumika ndiyo, lakini mwananchi anaulizwa upya, na mimi nasimama na hilo.

2024 walimwadhibu?
Walijaribu, ila ramani ya maeneo ya uchaguzi ilishachorwa upya, akagombea eneo namba 105 lenye Republican wengi zaidi, akapenya kwa kura zisizofika 300. Baadhi ya waliomchagua 2022 hata hawakumkuta kwenye karatasi ya kura.