Usilichapishe hilo bango la Kabir

Mkuu, simamisha hiyo kazi kwanza. Umesema bango linaingia mashineni Ijumaa, lina ubeti wa Kabir uliotolewa kwenye picha ya WhatsApp, na unauamini kwa sababu mstari wa mwisho unasema "Kabir anasema". Mimi nilianguka hapo hapo, na anguko lenyewe lilinigharimu shilingi 900,000.

Kabir, yule mshairi wa India, hakuandika kitu. Alikuwa mfumaji wa nguo katika mji wa Banaras, karne ya 15, mtu wa Julaha, jamii ya wafumaji waliosilimu. Hata jina lake ni la Kiarabu, lile lile la Mkubwa lililomo katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Upo ubeti unaosema wino na karatasi hakugusa, wala kalamu hakuishika. Aliimba, watu wakashika kichwani, wakaenda nazo. Na nyimbo nyingi zilifungwa kwa jina lake, mara nyingi kwa maneno haya: "Kahat Kabir, suno bhai sadho", yaani Kabir anasema, sikilizeni ndugu watawa. Sasa niambie, mtu akitunga chake karne mbili baadaye akakifunga hivyo, nani atamkamata? Hili si geni kwetu. Nyimbo ngapi za kale za Lamu na Pate zimekosa mwenyewe zikapewa Fumo Liyongo?

Mimi sikujiuliza. Nilitafsiri mashairi 40 kwa Kiswahili, yote kutoka ile tafsiri ya Kiingereza ya 1915 ya mshairi wa India, Rabindranath Tagore, nikachapisha nakala 300. Msinicheke. Ukiona jina la mshindi wa Nobel juu ya jalada, utaomba risiti? Tagore hakudanganya mtu. Mashairi yale 100 yalitoka katika mkusanyiko wa msomi wa Kibengali, Kshitimohan Sen, aliyeyachukua vinywani mwa waimbaji wa zama zake. Ni mazuri mno. Ila mengi yake hayamo katika miswada ya zamani.

Kosa lililoniuma kuliko yote ni dibaji. Niliijenga yote juu ya shairi moja ambamo Gorakhnath, yule mtawa mashuhuri wa yoga, anamuuliza Kabir wito wake ulianza lini, naye anajibu kwamba alidhihiri Banaras na Ramananda, anayetajwa kuwa mwalimu wake wa kiroho, akamwangazia. Nikaandika kurasa sita: tazameni, hapa Kabir anatusimulia maisha yake kwa kinywa chake! Nikampelekea nakala mzee mmoja wa Kigujarati, mwalimu mstaafu, jirani yetu. Alisoma kimya, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, Gorakhnath alimtangulia Kabir kwa karne mbili au zaidi. Walionana wapi?"

Sikuwa na jibu. Akauliza tena, "Na hili umelitoa Bijak, au Granth?" Hiyo ni mikusanyiko ya zamani, nitakuja nayo. Hapo nikajua kwamba hata maswali yenyewe siyajui.

Na aliyenipeleka huko nina hasira naye mpaka leo. Bwana huyo alijiita mhariri, alilipwa, na nilimuuliza waziwazi: nina uhakika gani haya ni ya Kabir? Akasema jina kwenye mstari wa mwisho ni muhuri, halina ubishi. Muhuri! Muhuri hukaa mkononi mwa mtu mmoja. Huu ulikuwa mikononi mwa kila mwimbaji wa India ya kaskazini kwa miaka 500. Nilipomrudia na nakala zangu 300 akasema wasomaji hawatajua. Neno hilo ndilo lililoniudhi kuliko hela. Msomaji wa Kiswahili hana haki ya kujua anachosoma kimetoka wapi?

Kwa hiyo shika hili moja tu: ubeti wa Kabir usiutumie mpaka ujue umo katika mkusanyiko gani kati ya mitatu ya zamani. Kuna Adi Granth ya Masingasinga, iliyokusanywa 1604 chini ya Guru Arjan. Huo una tarehe ya uhakika. Kuna miswada ya Rajasthan iliyotunzwa na wafuasi wa Dadu, mtawa mshairi wa huko. Na kuna Bijak, kitabu cha Kabir Panth, wafuasi wake wa upande wa mashariki. Mitatu hii haifanani: Kabir wa Bijak ni mkali, anawachapa mapandit, wale wanazuoni wa Kihindu, na makadhi kwa fimbo moja, na Kabir wa upande wa magharibi, yaani wa Granth na Rajasthan, ana mapenzi mengi zaidi kwa Mungu. Hata ukiukuta humo hujathibitisha kwamba aliutamka yeye, lakini angalau una mahali pa kusimama mtu akikuuliza.

Mwaka wa kuzaliwa uliouliza: mapokeo yanasema alizaliwa 1398 akafa 1518, yaani aliishi miaka 120. Wataalamu hawaikubali yote miwili kwa pamoja. Wapo wanaosema alifariki karibu na 1448. Andika "karne ya 15" uendelee na kazi.

Ule wa kwenye picha yako nimeutafuta jana usiku katika yote mitatu. Sikuupata. Weka badala yake huu wa Adi Granth: maisha yangu yote niliyapoteza katika mji wa Shiva, na wakati wa kufa nikainuka nikaja Maghar. Mji wa mungu Shiva ndio Banaras. Watu waliamini anayefia Banaras anaokoka na anayefia Maghar amepotea, naye akaenda Maghar makusudi. Leo kaburi lake la Kiislamu na samadhi, yaani kaburi la kumbukumbu la Kihindu, viko hapo ubavu kwa ubavu. Mpigie mchapaji sasa hivi, usingoje Ijumaa.