Muulize Shangazi: Ati mtoto amerithi kichwa kizito kwangu

SWALI: Shangazi habari yako. Nakaa Nyalenda hapa Kisumu, nauza omena, shule niliachia darasa la saba. Kijana wangu yuko Grade 5 na ripoti fomu ni AE tupu, yaani bado anakaribia kiwango, juzi mama mkwe akaniambia mbele ya watu ati kwao hakujawai kuwa na kichwa kizito, hii ni damu ya kwetu. Baba yake amenyamaza tu. Na huyo mtoto akienda ushago kwa mamangu Bondo anarudi anajua mpaka majani ya kuchemshia homa. Ni ukweli akili inatoka kwa mama? — Mama Kijana

JIBU: Mama Kijana pole, hiyo ya mbele ya watu imeniuma kuliko hata ripoti. Damu iko na kazi yake, siwezi kukudanganya, lakini inatoka pande zote mbili, kwa hivyo mama mkwe pia yumo. Alafu watafiti walipima akili za watoto wa mashambani Embu 1984, wakarudi 1998 wakapima wengine wa rika hilohilo, wakapata alama zimepanda sana. Miaka 14 tu, damu ya Embu ilibadilika saa ngapi? Wao walidhani ni chakula, wazazi kusoma zaidi, familia kuwa ndogo.

Hiyo ya majani nayo usiichukulie mchezo. Mmarekani anaitwa Robert Sternberg na wenzake walienda Usenge, hukohuko pande za Bondo, wakauliza watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 juu ya dawa za kienyeji na pia wakawapa maswali ya kishule, sasa wale walijua dawa sana ndio walielekea kushuka kwa misamiati ya Kiingereza, na si ujinga, mtoto anashika kile watu wa kwao wanaona kina faida. Na wewe Mjaluo unajua vizuri rieko, yaani akili, haitembei peke yake, kuna luoro ndio heshima, kuna winjo ndio kusikia na kuelewa, kuna paro ndio kufikiria, mtoto bila luoro hata alete EE zote, ile alama ya juu kabisa, ushago hawamsifu.

Lakini shule usiiache ijiendee. Mpeleke apimwe macho, asitoke asubuhi na chai ya rangi peke yake, na jioni yeye ndiye akupigie hesabu ya omena, faida na deni. Mama mkwe usijibizane naye. Huyo ana mtoto wake, na ndiye huyo amenyamaza hapo nyumbani, mwambie aende aongee na mamake.