Sifuri peke yake haitoshi, angalia ishara

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini umekosa swali la kutafuta kilele au bonde la y = x³ wakati derivativu yake (kipimo cha mwinuko wa mchoro), 3x², ni sifuri kweli pale x = 0. Hesabu yako iko sawa. Ulipoteleza ni kuandika "kilele" papo hapo. Sifuri inakuambia tu kwamba mchoro umelala pale. Haisemi ulikuwa unapanda au unashuka.

Chukulia unashuka kwa miguu kutoka Mwanga kwenda stesheni, hapa hapa Kigoma. Ukikuta kipande cha tambarare hujafika chini bado, mbele barabara yaweza kuendelea kushuka. Kwa hiyo pima pande zote mbili. Kwenye 3x² weka −1, unapata 3; weka 1, unapata 3. Chanya na chanya: mchoro ulikuwa unapanda na bado unapanda.

Sasa linganisha na y = x³ − 6x² + 9x + 1. Derivativu ni 3(x − 1)(x − 3). Kabla ya 1 ni chanya, kati ya 1 na 3 ni hasi, baada ya 3 chanya tena. Basi kilele ni (1, 5) na bonde ni (3, 1).

Derivativu ya pili (derivativu ya derivativu), 6x − 12, inakubali: −6 kwenye kilele, 6 kwenye bonde. Lakini ikitoa sifuri haikupi jibu. x³ na x⁴ zote hutoa sifuri pale 0, ilhali x⁴ ina bonde kabisa. Hapo rudi kwenye jedwali la ishara, yaani kupima chanya na hasi pande zote mbili, hata kama dakika za mtihani zinakimbia.