Swali la lugha: Kibarua wa shamba si mkulima

Swali: Ninaishi Uingereza na ninawatafsiria wanangu nyaraka za ukoo wa baba yao. Katika karatasi ya sensa ya mwaka 1911, babu wa mume wangu ameandikwa kuwa alifanya kazi ya shamba kwa ujira, na kitabu kimoja cha historia kinasema watu wa kazi hiyo waliwekwa namba VIII. Nimeandika "mkulima wa tabaka la nane", na mjomba wangu aliyeko Tanga ananicheka. Nimekosea wapi?

Jibu: Mjomba ana haki ya kucheka, ingawa kosa la pili, lile la tabaka, hata waandishi wazoefu hulifanya.

Nianze na mkulima. Kwa maana ya asili kila alimaye ni mkulima, hata akilima shamba la mwingine. Lakini matumizi, hasa ya Tanzania, ambako tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumezoea kuwataja wakulima na wafanyakazi kama makundi mawili, yamelielekeza neno hilo kwa mtu anayelima kwa faida yake mwenyewe, awe na ekari mbili au mia mbili. Sensa ya Uingereza nayo iliona tofauti hiyo: kuanzia mwaka 1891 wenye kazi walitakiwa waeleze kama ni waajiri, waajiriwa, au watu wanaojitegemea. Aliyekodi shamba na kuajiri watu ndiye mkulima. Aliyepokea ujira kutoka kwake ni kibarua wa shamba.

Kibarua ni neno lenye historia ya kupendeza. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi za kutwa ili aje alipwe, na baadaye jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Ndiyo maana upatanisho wake una njia mbili: kibarua amelipwa, vibarua wamelipwa, tukimsema mtu, lakini kibarua chake kimeota nyasi, tukiisema kazi iliyompotea. Ikiwa unaona kibarua linamaanisha mtu wa kutwa tu, ilhali babu huenda alidumu kwa mwajiri mmoja mwaka mzima, andika "mfanyakazi wa shambani", na hakuna atakayekucheka.

Sasa tabaka. Kwenye karatasi ya 1911 mkuu wa kaya aliulizwa kazi, hakuulizwa tabaka. Hata tarakimu utakazoziona zimeandikwa kando ya kazi ni namba za aina ya kazi, zilizotiwa na makarani ofisini. Mpangilio wa makundi manane ulikuja baadaye, ukatangazwa mwaka 1913, nao ni kazi ya mtakwimu T. H. C. Stevenson, aliyetaka kulinganisha uzazi na vifo vya watoto wachanga katika familia za hali mbalimbali. Familia nzima ilihesabiwa kwa kazi ya mume. Namba I hadi V zilikuwa ngazi: juu watu wa hali ya juu na ya kati, katikati, yaani namba III, mafundi (wala usiandike "mafundi wenye ujuzi", maana fundi asiye na ujuzi si fundi), na chini, namba V, vibarua wa kazi zisizohitaji kujifunza. Lakini VI, VII na VIII, yaani wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wachimba migodi na vibarua wa shamba, ziliwekwa kando ya ngazi hiyo, si chini yake. Ukisema "tabaka la nane", mtoto ataelewa kwamba babu yao alikuwa chini hata ya mtu wa namba V, jambo ambalo takwimu hizo hazikulisema. Sensa ya mwaka 1921 ilipofanyiwa hesabu, makundi hayo matatu yaliondolewa na zikabaki ngazi tano.

Kwa hiyo ningependekeza daraja kwa zile namba zenye mpangilio wa juu na chini, kama tusemavyo daraja la tatu la treni au la mtihani, na kundi kwa zile tatu za pembeni. Tabaka liachiwe hali yenyewe ya watu katika jamii, pamoja na uzito wote wa kisiasa ambao neno hilo limebeba. Tofauti si ya kubuni: mwaka 1911 makarani walihesabiwa daraja la I, na kufikia 1931 walikuwa wameshushwa hadi la III. Kilichobadilika ni orodha ya ofisini. Hakuna karani aliyeamka asubuhi akajikuta amehama tabaka.

Andika basi: "Alikuwa kibarua wa shamba, na watakwimu waliwaweka watu wa kazi hiyo katika kundi la VIII." Na popote utakapolihitaji lile neno lingine, ni tabaka hili, matabaka haya, "tabaka hii" mjomba hataiacha ipite.