Klasi imefungwa? Usiirithi, izungushie

Wiki hii kijana mmoja wa Mbarara ameniandikia kwenye WhatsApp: “Kaka, laibrari ya malipo ina klasi ya final, kompaila inanikatalia kuirithi. Nitafute laibrari nyingine?” Nimemjibu kwa kifupi: usiirithi, izungushie. Kwa asiyezoea: laibrari ni msimbo, yaani maagizo ya programu, uliotayarishwa na wengine; klasi ni kipande chake chenye data na kazi zake; kuirithi ni kujenga klasi yako juu yake na kubadilisha unachotaka; final ni kufuli linalokataza hilo; na kompaila ni programu inayotafsiri msimbo na kukataa wenye makosa. Hapa nalieleza kwa urefu, maana sisi tunaojenga mifumo ya pesa Uganda, asiyekwama hapo leo atakwama kesho.

Tulikuwa tunaijengea SACCO moja mfumo wa marejesho ya mikopo. Laibrari ya malipo ilitoka nje, imeandikwa kwa lugha ya Kotlin, na malipo yenyewe iliyamudu vizuri. Shida ilikuwa risiti. Mwanachama akilipa 50,000, ujumbe unamfikia umeandikwa “UGX 500.00”. Mwandishi wa laibrari alichukulia kwamba kila sarafu ina senti, akawa anagawa kiasi kwa 100. Katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha alama za sarafu, shilingi ya Kenya ina desimali 2. Yetu ina 0. Mweka hazina alituletea simu ya mama mmoja muuza matooke, akatuonyesha ujumbe, akauliza kwa upole: “Zile nyingine ziko wapi?” Mtu amejinyima kulipa deni, halafu risiti inamwambia hajalipa. Hilo si kosa dogo la kuonekana kwenye skrini.

Wazo lililomjia kila mtu ni kuirithi klasi inayopanga jinsi kiasi kinavyoandikwa na kuandika upya mbinu moja, yaani kazi moja ya klasi hiyo. Kompaila ikagoma. Kwenye Kotlin klasi ya kawaida hairithiwi mpaka mwandishi aitangulizie neno open. Lugha ya Java hufunga kwa final, C# kwa sealed, na Dart nayo ikaleta vizuizi vyake katika toleo la 3, mwaka 2023. Mkubwa wangu wa kazi akaagiza tunakili msimbo wote wa laibrari ndani ya mradi wetu, tung'oe kufuli. Nilipinga. Laibrari ya malipo hutolewa marekebisho ya usalama, na ukishainakili, kila rekebisho unalibeba wewe kwa mkono. Akanijibu mbele ya timu nzima kwamba hayo ni mambo ya chuoni. Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa sahihi.

Nikaizungushia. Niliandika kiolesura changu, yaani orodha ya mbinu ambazo klasi inaahidi kuwa nazo, nikakiita MpangaKiasi, chenye mbinu moja tu, na klasi yangu inayoibeba ile ya laibrari ndani yake. Sarafu ikiwa UGX, najibu mwenyewe. Ikiwa nyingine, naipitisha kwa ile ya ndani.

Risiti bado ikatoka 500.00.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo tulia upaelewe. Klasi ya laibrari inayotuma risiti ilikuwa inamwita mpanga kiasi wake yenyewe, na haikubali wa aina nyingine. Unaporithi, mbinu uliyoiandika upya huitwa hata na msimbo wa klasi mama, ile uliyoirithi. Unapozungushia, msimbo wa ndani haujui kwamba upo. Dawa ni kupanda ngazi moja. Nikamwacha mpanga kiasi, nikamzungushia mtuma risiti: laibrari ifanye malipo, inirudishie kiasi ghafi, risiti niandike mimi. Jioni hiyo nikalipa kwa simu yangu mwenyewe, ujumbe ukaingia: “UGX 50,000”. Nilimpelekea mweka hazina kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote ofisini, na sijutii.

Ndugu zangu, acheni kupigana na kufuli. Aliyefunga mara nyingi ana sababu: String ya Java ni final ili mtu asiibadilishie tabia yake kwa mlango wa nyuma. Zungushieni. Kama klasi iliyofungwa inatimiza kiolesura, Kotlin itakuandikia mbinu zote za kupitisha kwa neno by, nawe unaandika ile moja unayoitaka. Kama haina kiolesura, andika mwenyewe, na uandike zile unazozitumia tu. Vitendaji vya nyongeza vya Kotlin (extension functions), unavyoviandika nje ya klasi, vinafaa kwa kuongeza jambo jipya, lakini havibadilishi mbinu iliyopo wala havigusi vilivyo private, yaani vilivyofichwa ndani ya klasi. Kwenye majaribio pia utapumua: kwa kiolesura chako unaweka klasi ya uongo ya mistari michache, huhitaji mtandao wala pesa halisi.

Na mwandikie mwenye laibrari. Kwenye Kotlin huenda hakukusudia kufunga. Ni kwamba tu hakuandika open. Sisi tulipeleka mfano mmoja, kiasi tulichotuma na ujumbe uliotoka, pamoja na ile namba 0 ya ISO. Toleo lililofuata likarekebisha UGX. Nikafuta msimbo wangu wa UGX ndani ya klasi ya kuzungushia, ikabaki kupitisha tu, na sehemu nyingine za mfumo hazikuguswa, kwa sababu zote zilikuwa zinazungumza na kiolesura chetu.