Waulize Wajuzi: Gazeti Lililosafiri kwa Treni

Swali: Mhariri, salamu. Nasikia Chicago Defender, gazeti la Wamarekani weusi, lilisomwa hata Kusini mwa Marekani ambako wakubwa walilichukia. Lilifikaje huko? – Msomaji, Changamwe, Mombasa

Jibu: Kwa reli, ndugu yetu wa Changamwe. Robert Abbott alilianzisha Mei 1905 kwa mtaji wa senti 25 na nakala 300, likitoka kila wiki. Kusini, kuliuza hadharani kulikuwa hatari. Basi wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman walibeba mafurushi na kuyashusha njiani, yakaishia kwa vinyozi na makanisani. Nakala moja ilipita mikono mingi, na asiyejua kusoma alisomewa. Ndiyo maana mauzo, yaliyopita 200,000 kwa wiki, hayaonyeshi wasomaji wote.

Lilieleza watu weusi walivyonyongwa na magenge, lakini pia lilichapa nafasi za kazi na ratiba za treni za kwenda Kaskazini. Kwa maoni yetu hizo ndizo zilizowauma zaidi wenye mashamba: vibarua walihama! Mwaka 1956 likawa la kila siku. Tangu Julai 2019 linasomwa mtandaoni tu.