Umealikwa mgahawa wa jibini Ufaransa, na huli nguruwe wala hunywi pombe

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nimeanza masomo Grenoble, na wenzangu wa maabara wamenialika chakula cha jioni kwenye mgahawa wa jibini kule Annecy. Mimi situmii nguruwe wala pombe. Niende nikale nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nalijibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaokuja pande hizi kusoma na kutafuta maisha mtakutana na meza hiyo hiyo.

Kwanza, nenda. Huku kwenye milima ya Alps, baridi ikianza, watu hukutana kwenye jibini ya moto kama sisi tunavyokutana kwenye pilau. Ukikataa mara mbili tatu, hawakualiki tena, na mengi ya kazini huamuliwa mezani pale ambapo wewe haupo.

Sasa nikusimulie yaliyonikuta mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, ofisi ilitupeleka kwenye mgahawa mmoja wa mji mkongwe wa Annecy. Mhudumu alipokuja kuchukua oda nilimwambia wazi kwamba nguruwe sili. Akaitikia kwa kichwa, akanishauri nichukue tartiflette. Ikaja kwenye bakuli la udongo, bado inachemka pembezoni: viazi, vitunguu, na juu yake jibini ya Reblochon imeyeyuka, ganda lake limekuwa la dhahabu. Nikapasua kwa uma. Katikati ya viazi vimejaa vipande vya nguruwe wa moshi. Nikamwita mhudumu nikamwonyesha. Akaniambia, "Vitoe tu uviweke pembeni." Mwenzangu mmoja akaongeza, "Ni vidogo tu jamani." Waliobaki wakaendelea kula. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa na bibi ambaye hata sufuria iliyoazimwa aliiuliza ilipikiwa nini, nikala mkate na majani ya saladi. Bili ilipofika ikagawanywa sawa kwa sawa, nami nikalipa kama walioshiba. Miaka imepita lakini bado linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Baada ya hapo nikaamua kuvijua vyakula hivi kimoja kimoja, ili mtu asiniletee tena kitu nisichokijua.

Tartiflette, kwa mfano, wengi huidhania ni ya mababu. Jina hilo lilivuma miaka ya 1980, wazalishaji wa Reblochon walipokuwa wanatafuta soko la jibini yao, wakaijenga juu ya chakula cha zamani cha viazi kiitwacho péla. Kwa kawaida ina nguruwe, na wapishi wengi huongeza divai nyeupe. Reblochon yenyewe ina kisa ninachokipenda. Inasimuliwa kwamba wafugaji wa bonde la Thônes walikuwa wakimlipa mwenye ardhi kwa kipimo cha maziwa yaliyokamuliwa. Siku ya kupimwa walikamua nusu nusu, na mwenye ardhi akishaondoka wakarudi zizini kumalizia. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, na ndiyo yaliyotengeneza jibini hiyo laini.

Fondue ndiyo itakayokuletea mtihani, kwa sababu ndiyo wote wataitaka. Chungu hupakwa kitunguu saumu, ikamiminwa divai nyeupe, kisha jibini kama Beaufort na Comté zikayeyushwa humo, na mara nyingi pombe kali ya cheri hutiwa mwishoni. Kila mtu huchovya kipande cha mkate kwa uma mrefu, na anayeangusha mkate wake chunguni hupewa adhabu ya utani. Mwisho hubaki ukoko wa jibini chini ya chungu, na watu huugombania kama ukoko wa wali nyumbani. Ni chakula kizuri kukitazama, lakini divai haiishi yote motoni, hata mtu akikuapia. Mimi fondue sili.

Raclette ndiyo ngome yako. Nusu ya duara la jibini huwekwa kwenye kifaa chenye moto wa umeme kwa juu. Unausogeza uso wa jibini motoni na kusubiri. Kwanza inatoa jasho la mafuta, kisha inaanza kutokota, kingo zinakauka na kuwa kahawia. Hapo unainamisha na kukwangua kwa kisu, jibini inateleza juu ya viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Unakula na matango madogo ya siki na vitunguu vidogo vya siki, vinavyokata mafuta. Nyama huja kwenye sahani yake, na nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo omba sahani hiyo isogezwe mbali na viazi vyako viletwe peke yake. Ukitaka cha sahani moja, ulizia crozets, tambi ndogo za mraba za Savoie, eneo hili la milima, zilizookwa na Beaufort. Hizo nazo waulize kama zina nguruwe, na ziagize bila.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliulizi: jibini hizi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Mashekhe wana kauli tofauti. Mimi nimefuata kauli inayoruhusu. Wewe muulize unayemwamini kabla ya safari, si ukiwa na uma mkononi. Na dada zangu wajawazito, Reblochon ni ya maziwa mabichi, huku wenyewe huambiwa waiache.

Mwezi uliopita bosi wangu alinikabidhi mimi kazi ya kupanga chakula cha kumuaga mwenzetu. Mimi, yule wa mkate na saladi! Nilipiga simu siku mbili kabla, nikaongea na mpishi mwenyewe, nikapanga raclette, crozets zisizo na nguruwe, na sahani ya nyama ya peke yake kwa wanaotaka. Watu wakaacha nyama wakazihamia crozets zangu. Bosi akaomba aongezwe. Sijawahi kujisikia fahari kama ile mezani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sema mapema. Sema kwenye simu, sema tena ukikaa, na usiseme kwa sauti ya kuomba radhi. Dini yako si usumbufu kwa mtu. Vijana wengi wanafika huku wanaanza kula kila kitu kwa kuogopa kuchekwa, na nakwambia hakuna aliyeongezewa heshima kwa hilo. Sentensi yenyewe ni hii, ikariri: "Je ne mange pas de porc, et pas d'alcool, même cuit." Yaani, sili nguruwe, wala pombe. Maneno ya mwisho, même cuit, maana yake hata kama imepikwa, usiyaache.

Kuhusu pesa: maji ya bomba kwenye jagi, carafe d'eau, ni bure, na mkate haulipiwi. Huduma imeshajumuishwa kwenye bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari yako. Wenzako wakiagiza divai chupa kwa chupa, mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba bili yako iwe ya peke yake. Anayeona vibaya aone.